Flashi ya bei nafuu kwa kamera yako: jinsi ya kuchagua hatua kwa hatua

Watu wengi wanaotafuta flashi ya nje huanza na swali la nguvu: ipi ina mwanga mkali zaidi kwa pesa niliyo nayo? Swali hilo ni la haki, ila si la kwanza. Kabla yake kuna mambo mawili yanayoamua kama flashi itafanya kazi au itaishia kabatini: je, itaelewana na kamera yako, na je, kichwa chake kinageuka? Nguvu inafuata baadaye, na ukipiga hesabu utashangaa. Kuna mahali flashi ndogo inatosha na kubaki, na kuna mahali hata kubwa inahema.

Ninaposema bei nafuu nina maana ya makundi mawili. La kwanza ni flashi mpya za kampuni kama Godox, Yongnuo na Neewer, ambazo kwa kawaida huuzwa chini sana ya zile zenye jina la Canon, Nikon au Sony. La pili ni flashi zilizotumika za chapa yoyote. Yote mawili yanafaa, ila kila moja lina mitego yake.

Hatua ya 1: Kagua kamera kabla ya kukagua flashi

Tazama soketi iliyo juu ya kamera, pale flashi inapochomekwa. Utaona kidoti kikubwa cha chuma katikati, na vingine vidogo karibu yake. Kile kikubwa kina kazi moja tu: kuiambia flashi iwake. Vile vidogo hupitisha taarifa nyingine, kama kiasi cha mwanga kinachotakiwa na urefu wa lenzi. Kidoti cha katikati kimewekwa kwa kiwango kimoja katika kamera nyingi duniani, lakini vidogo kila kampuni imevipanga inavyotaka. Kwa hiyo flashi rahisi yenye pini moja itawaka juu ya Canon, Nikon, Fujifilm au Pentax, ilhali flashi ya kujipimia mwanga iliyotengenezwa kwa ajili ya Nikon haitaweza kujipimia juu ya Canon.

Sasa njoo kwenye mtego. Canon iliondoa kidoti cha katikati kwenye baadhi ya kamera zake za wanaoanza, zikiwemo EOS 250D, 2000D na 4000D, ambazo katika baadhi ya masoko huitwa kwa majina mengine. Hizo ndizo kamera ambazo wenye nazo hutafuta flashi ya bei rahisi kuliko wote, na ndizo ambazo flashi ya pini moja haitawaka kabisa ikikaa juu yake. Haijaharibika, na muuzaji hakukudanganya; amri ya kuwaka haina mahali pa kupita. Mwenye kamera ya aina hii anunue flashi inayozungumza lugha ya Canon, yaani E-TTL (mfumo wake wa kujipimia mwanga), na aijaribu juu ya kamera ileile kabla ya kulipa. Canon EOS R50 nayo ina soketi ya mtindo mpya, na flashi za kawaida za Canon zinahitaji adapta iitwayo AD-E1. Bei ya adapta uiingize kwenye hesabu mapema.

Kwa upande wa Sony, kamera nyingi za Alpha zilizotoka kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012 zina soketi yenye vipini vidogo vilivyojificha mbele. Za kabla ya hapo nyingi zinatumia soketi iliyorithiwa kutoka Minolta, ya tangu 1988, yenye umbo lake pekee. Flashi ya kawaida haiingii bila adapta. Usinunue "flashi ya Sony" iliyotumika kabla ya kuuliza ni ya soketi ipi.

Kampuni nyingi hutoa flashi ileile kwa matoleo tofauti na kuyatofautisha kwa herufi mwishoni mwa jina. Kwa Godox, C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fujifilm, na O ni ya Olympus na Panasonic, ambazo zinatumia mfumo mmoja. TT685C na TT685N zinafanana kwa sura, na boksi zake zinafanana pia. Soma herufi ya mwisho mara mbili.

Hatua ya 2: Kataa kichwa kisichogeuka

Flashi inayomulika moja kwa moja kutoka juu ya lenzi hutoa picha ambayo kila mtu anaijua: uso bapa, paji la uso linang'aa, na nyuma kwenye ukuta kuna kivuli cheusi chenye ncha kali. Ukinunua flashi ya nje kisha ukaendelea kumulika watu usoni, umenunua toleo kubwa la taa iliyokuwa tayari ndani ya kamera.

Geuza kichwa kielekee darini, au kwenye ukuta mweupe ulio pembeni, na mambo yanabadilika. Mwanga unadunda, na sehemu yote ya dari iliyopigwa inageuka kuwa taa kubwa. Ukubwa wa chanzo ndio unaolainisha kivuli. Hakuna kitufe wala modi itakayokupa hicho kitu kama kichwa hakigeuki.

Hakikisha kinakwenda pande zote mbili, yaani juu na chini, na pia kushoto na kulia. Flashi nyingi ndogo na za bei ya chini kabisa huinuka tu. Ukishika kamera mlalo hutaona kasoro, lakini siku utakapoisimamisha wima kupiga mtu mmoja, "juu" ya flashi inageuka kuwa "pembeni", na dari umeikosa. Kizuri zaidi ni kinachoweza kuzunguka hadi kuelekea nyuma yako, kwa sababu ukuta ulio mgongoni mwa mpiga picha mara nyingi ndio chanzo bora cha mwanga chumbani.

Dari iwe nyeupe au karibu na nyeupe. Dari ya mbao itawapaka watu rangi ya machungwa, na dari ya kijani itawafanya waonekane wagonjwa. Dari ikiwa juu mno, kama ya ukumbi mkubwa, mwanga unapotelea huko.

Neno kuhusu vile vikofia vyeupe vya plastiki vinavyovishwa kichwa cha flashi. Ndani ya chumba chenye dari na kuta vinasaidia kidogo. Nje, ambako hakuna cha kudundishia, vinakula betri tu. Kama vimo ndani ya boksi, sawa. Visikufanye uchague flashi fulani.

Hatua ya 3: Amua kama unahitaji TTL

TTL ni mfumo ambao flashi hutoa mwako mdogo wa kupimia kabla ya picha, kamera inasoma mwanga uliorudi kupitia lenzi, kisha inaipa flashi kipimo cha mwako wenyewe. Yote hutokea kwa sehemu ndogo ya sekunde. Bila TTL unaweka nguvu kwa mkono: 1/1 ni nguvu zote, 1/2 ni nusu, na kuendelea hadi 1/128 kwenye flashi nyingi.

Tofauti ya bei kati ya aina hizi mbili ni kubwa, na wengi hulipia TTL wasiyoihitaji. Jiulize umbali kati ya flashi na unayempiga unabadilika kwa kasi gani. Ukitembea kati ya wageni kwenye sherehe, mmoja yuko mita moja, mwingine mita nne, na hakuna atakayekusubiri uzungushe namba. Hapo TTL inalipa gharama yake. Lakini ukiweka flashi kwenye stendi, mtu akasimama palepale, au unapiga bidhaa mezani, umbali haubadiliki na nguvu haina sababu ya kubadilika. Unapiga moja, unatazama skrini, unapunguza au kuongeza, basi. Picha zote zinazofuata zitakuwa na mwanga uleule, jambo ambalo TTL haikuhakikishii: mtu aliyevaa shati jeupe akiingia kwenye fremu, kamera inaweza kudhani mwanga umezidi na kuwatia wote giza.

Kwa maoni yangu, flashi ya kwanza ya mtu anayejifunza iwe ya kuweka kwa mkono, isipokuwa kamera yake ni ya zile zisizo na kidoti cha katikati au kazi yake ni matukio. Ukishazoea kuona tofauti ya 1/4 na 1/8 kwa macho, hata TTL utaitumia vizuri zaidi baadaye.

Angalia pia inashuka hadi wapi. Flashi nyingine za bei ya chini zinaishia 1/32. Ukipiga uso kwa karibu huku lenzi imefunguliwa hadi f/1.8, mwanga huo bado ni mwingi mno, na hutakuwa na pa kuupunguzia zaidi ya kusogea nyuma.

Sokoni utakutana pia na flashi za zamani zenye kijicho chake mbele. Kijicho hicho hupima mwanga unaorudi na flashi inajizima yenyewe ukitosha. Hii si TTL, na wala haihitaji kuelewana na kamera kwa lolote zaidi ya amri ya kuwaka. Inafanya kazi vizuri kuliko umri wake unavyoonyesha.

Hatua ya 4: Soma namba ya nguvu kwa jicho la mashaka

Kwenye boksi utaona GN, yaani namba ya nguvu, tuseme 36 au 60. Maana yake ni hii: gawa namba hiyo kwa tundu la lenzi (namba ya f), utapata umbali kwa mita ambao flashi inaweza kumulika sawasawa kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga). GN 36 kwa f/4 ni mita 9. Ukipandisha ISO hadi 400, namba inazidishwa mara mbili, kwa hiyo umbali unakuwa mita 18. Baadhi ya wauzaji huandika kwa futi ili namba ionekane kubwa. Ukiona GN inayopita 100 kwenye flashi ya kawaida ya juu ya kamera, hizo ni futi.

Ujanja mwingine ni mkubwa zaidi. Kichwa cha flashi kina lenzi inayoweza kubana au kutawanya mwanga, na namba ya boksi hupimwa ikiwa imebanwa kabisa. Ni sawa na bomba la maji: ukibana mdomo yanafika mbali, lakini hayajaongezeka. Canon 580EX II ni mfano mzuri. Ina GN 58 kichwa kikiwa kimebanwa kwa upana wa lenzi ya milimita 105, lakini kikiwa milimita 35 inashuka hadi 36. Kwa hiyo flashi ya GN 60 iliyopimwa kwenye milimita 200 na ya GN 58 iliyopimwa kwenye milimita 105, mfano Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV, usizipange kwa namba hizo mbili. Kwa matumizi ya kawaida ziko daraja moja. Unapolinganisha, tafuta kwenye kijitabu GN ya milimita 35 kwa zote. Isipokuwepo, angalau soma namba ya boksi pamoja na milimita zake.

Tufanye hesabu ya chumbani. Mtu yuko mita 3, lenzi f/4, ISO 400. Ukimmulika moja kwa moja unahitaji GN 6 tu, yaani chini ya uwezo wa flashi yoyote utakayoikuta dukani. Sasa dundisha darini. Mwanga unasafiri kama mita 5 badala ya 3, na dari inameza na kutawanya sehemu kubwa. Chukulia inabaki robo. Mahitaji yanapanda hadi karibu GN 20.

Linganisha flashi mbili kwa hesabu hiyo. Ndogo ya betri mbili, kama Godox TT350, ina GN 36 kwenye milimita 105, lakini ukilegeza kichwa kwa ajili ya kudundisha inashuka hadi kwenye ishirini na kitu. Itamaliza kazi ikiwaka kwa nguvu karibu zote kila mara, kisha usubiri ijichaji. Kubwa ya betri nne, yenye GN kama 36 kwenye milimita 35, itafanya kazi ileile kwa theluthi moja ya nguvu. Itakuwa tayari kwa picha inayofuata haraka zaidi, na betri zitakwenda mara tatu. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kununua nguvu kwa mtu anayepigia ndani: kasi na ustahimilivu. Picha moja moja hazitakuwa angavu zaidi.

Nje juani hesabu ni ya aina nyingine. Mchana wenye jua kali, kwa ISO 100 na kasi ya shata 1/200, lenzi itakuwa karibu f/11 hadi f/16. GN 36 kwa f/11 inafika mita 3 na kidogo. Ukiweka mwavuli mbele yake unapoteza kiasi kwamba umbali unakuwa nusu, mita moja na nusu. Flashi ndogo haipo kabisa kwenye mchezo huo. Kama kazi yako ni picha za nje saa saba mchana, usibane pesa kwenye nguvu.

Hatua ya 5: Redio ndani ya flashi, hata kama leo huihitaji

Siku moja utataka kuitoa flashi juu ya kamera na kuiweka pembeni ya mtu. Ni hatua inayobadilisha picha kuliko lenzi mpya, na inakuhitaji uiwashe flashi kutoka mbali.

Njia ya zamani ni jicho la mwanga, linaloandikwa S1 na S2. Flashi inaona mwako wa flashi nyingine nayo inawaka. S1 hujibu mwako wa kwanza, na S2 huruka miako ya kupimia ya TTL na kungoja wa picha. Ndani ya chumba kidogo inafaa, na haiongezi gharama. Juani inapofuka, nyuma ya ukuta haioni, na kwenye sherehe yenye wapiga picha wengine flashi yako itawaka kwa picha zao na kukumalizia betri.

Redio ya 2.4 GHz haina matatizo hayo. Flashi nyingi za bei nafuu siku hizi zina kipokezi cha redio ndani. TT600 na YN560 IV zote zinacho. Unabaki kununua rimoti ya kukaa juu ya kamera. Flashi yenye kipokezi ndani inakuepusha na vipokezi vya kuchomeka ambavyo vina betri zake, hupotea, na hulegea.

Faida nyingine haizungumzwi vya kutosha. Mfumo wa redio haufungwi na chapa ya kamera. Ukihama kutoka Nikon kwenda Fujifilm, flashi za Godox zilizo kwenye stendi zinabaki. Unabadilisha rimoti peke yake. Ndiyo sababu ni bora kuchagua mfumo mmoja na kukaa nao. Redio za Godox na za Yongnuo hazielewani, na kununua moja huku na moja kule kwa sababu ya punguzo la bei kutakugharimu baadaye.

Hapa tuguse HSS, yaani flashi kwa kasi kubwa ya shata, maana matangazo yanaipigia kelele. Kila kamera ina kikomo cha kasi ya shata kwa flashi, mara nyingi kati ya 1/160 na 1/250. Ukipita hapo, sehemu ya picha inatoka na mkanda mweusi kwa sababu pazia la shata limekwishaanza kuifunika sensa. HSS huizunguka shida hiyo kwa kuwasha taa mfululizo kwa miako midogo ya haraka, lakini nguvu inashuka vibaya, hadi robo au chini yake. Ni muhimu kwa anayetaka mandhari yenye ukungu nyuma ya mtu mchana kweupe. Wengine hawataikumbuka. Fahamu tu kwamba TTL na HSS ni vitu viwili, na kwamba TT600 inatoa HSS ikiwa mbali na kamera kwa redio, si ikiwa juu yake.

Hatua ya 6: Tenga pesa ya betri kabla hujachagua modeli

Betri ni nusu ya flashi. Flashi ya kawaida inakula betri nne za AA, na betri za kutupa, ingawa zimeandikwa volti 1.5, hulegea zinapoombwa umeme mwingi kwa ghafla. Flashi inaanza vizuri, baada ya miako kadhaa unasubiri sekunde nyingi ijichaji. Betri za kuchajiwa za NiMH zimeandikwa volti 1.2, na watu huziogopa kwa sababu hiyo, lakini hutoa umeme mwingi kwa mkupuo na flashi inakuwa tayari upesi zaidi. Chukua zile zinazotunza chaji zikiwa zimekaa. Eneloop ndizo zinazofahamika zaidi. Nunua seti mbili za nne nne, uzitie alama ili zisichanganyike, na chaja inayochaji kila betri peke yake. Betri moja dhaifu kati ya nne huivuta seti nzima.

Flashi za betri ya lithiamu ya kipekee, kama Godox V860II, zinajichaji haraka na kudumu. Kampuni inataja miako karibu 650 ya nguvu zote kwa chaji moja, dhidi ya karibu 230 kwa TT600 ikiwa na NiMH nzuri. Kwa mpiga picha wa harusi hiyo ni nafuu ya kweli. Kwa mwingine, fikiria kwamba betri hiyo ikifa utahitaji ileile hasa, wakati AA zinapatikana kila mahali.

Ukinunua iliyotumika

Fungua mlango wa betri kwanza. Unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma ni betri iliyovuja. Kidogo husafishika, kingi achana nacho. Tazama kioo cha kichwa: madoa ya kahawia yanasema imepigishwa nguvu zote mfululizo mpaka plastiki ikaungua. Tikisa mguu wake ukiwa kwenye kamera. Mguu wa plastiki uliopasuka ni ugonjwa wa kawaida, na hutengenezeka, lakini bei ishuke.

Flashi za miaka ya zamani zina hatari ya pekee. Baadhi zilipitisha volti nyingi kwenye pini ya katikati, jambo lisilo na shida kwa kamera za filamu za wakati huo lakini linaloweza kuua elektroniki za kamera ya kidijitali. Vivitar 283 za mwanzo zinajulikana kwa hilo. Nyingine zimepimwa zikiwa na zaidi ya volti 200. Kiwango cha kimataifa kinaitaka kamera ivumilie volti 24, na mimi singeweka juu ya kamera kitu kinachopita hapo. Kupima ni rahisi: washa flashi, subiri taa ya kuwa tayari, kisha gusa pini ya katikati na chuma cha pembeni cha mguu kwa waya mbili za multimita (kipima umeme). Ukipata chini ya volti 6 huna cha kuhofia.

Usiifungue flashi kwa bisibisi hata kidogo. Kapasita ya ndani inashika volti karibu 300 na inaweza kubaki nazo muda mrefu baada ya betri kutolewa.

Ijaribu kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha

Weka betri zilizojaa, kamera kwenye modi ya M (ya kuweka kila kitu kwa mkono), na ulenge ukuta mweupe. Piga picha moja kwa kila kiwango, kutoka 1/1 hadi cha chini kabisa, bila kubadilisha kitu kingine. Kila picha iwe na giza kidogo kuliko iliyoitangulia, kwa ngazi zinazolingana. Ukikuta viwango viwili vinafanana, au kimoja kinaruka juu, mpangilio wa nguvu ni mbovu.

Kisha piga mara kumi kwa nguvu zote, ukingoja taa ya kuwa tayari kila mara, na uhesabu sekunde. Flashi mpya yenye NiMH nzuri hujichaji kwa sekunde tatu au nne. Iliyokaa miaka bila kutumika inaweza kuchelewa mwanzoni. Iache imewaka dakika chache, ipige mara kadhaa, kisha hesabu upya. Ikizidi sekunde kumi hata baada ya hapo, irudishe. Usiendelee kupiga nguvu zote mfululizo zaidi ya hapo, kichwa kinapata moto na flashi nyingi hujizima zenyewe kujilinda.

Kama ni ya TTL, mpige mtu akiwa mita moja, mbili na nne bila kugusa mipangilio. Ung'avu wa uso uwe karibu sawa kwenye picha zote tatu. Ikiwa ya mita moja imeungua na ya mita nne iko gizani, flashi na kamera haziongei, na huenda umepewa herufi isiyo yako. Kwa redio, iweke chumba cha pili na upige mara ishirini. Iwake mara zote ishirini. Flashi inayoruka moja kati ya tano nyumbani itakuangusha kwenye kazi, na hii ndiyo kasoro ambayo wauzaji hupenda kusema "itazoea". Haizoei.